Mradi unaanguka juu ya shefu ao juu ya makuta?

Ndugu, umeuliza kama mradi unaanguka juu ya shefu ao juu ya kukosa makuta. Mimi nitajibu kwa yale niliyoona hapa Goma kwenye mashantye ya maji, na jibu langu ni shefu, kabisa.

Mujue kwanza mji wetu. Maji inapandishwa na pompi kutoka Ziwa Kivu, na chini sehemu kubwa ni lava, jiwe ngumu iliyotoka kwenye volkano ya Nyiragongo. Ile ya tarehe 17/1/2002 ilipita kwenye uwanja wa ndege ikashuka kwenye mtaa wa Birere mpaka ziwani, sasa kuchimba mufereji wa tuyo mahali kama hapo ni kazi ingine kabisa. Kwenye mradi wetu vijana walikuwa wanalipwa kwa meta, bei moja kila mahali. Walioangukia udongo walimaliza mbio, wale wa kwenye jiwe wanapiga baramini na nyundo kubwa tangu asubuhi mpaka jioni wanatoka na kipande kidogo tu, halafu kwenye ripoti wanaandikwa wavivu. Shefu yeye alikuwa anasoma hizo ripoti kule ofisi, mtaa wa Himbi, na kutuma mesaji za hasira kwenye grupu ya WhatsApp, vijana wakaanza kutoroka mmoja mmoja.

Akaja mama mwingine kuchukua nafasi yake. Siku ya kwanza alivaa bota akashuka kwenye mufereji, akauliza kijana, hapa unapata franga ngapi kwa siku? Hakuahidi kitu. Alienda kwanza kwa mfadhili kuomba bei mbili, ya udongo na ya jiwe, wakakubali kutoa kwenye pesa ya semina. Kisha akakaa na shefu wa avenyu na bamama wanaochota maji, akawaambia wazi maji itachelewa na sababu ni hii. Hapo ndipo namuheshimu sana, habari mbaya aliisema mapema na kwa mdomo wake. Bajeti haikuongezeka, vijana ni wale wale, maji ikatoka.

Kronogramu na Excel ziko na maana, nazitumia kila siku, ila anayezijaza lazima afike shantye.

Tena kuna mambo ya sinyatire. Shefu akisafiri kwenda Kinshasa bila kuacha mtu wa kusaini, simenti inabaki depo na masoni wanakaa bure. Ukiitwa kwenye mradi uliza mapema: shefu akiwa hayupo nani anasaini, na mpaka kiasi gani.