Safu mpya ya mapato kwenye jedwali la R

Dada, umeuliza utapataje mapato ya kila mkulima wa kahawa wa Kibosho, hapo Moshi, wakati jedwali lako lina kilo na bei tu. Usihangaike kwenda mstari kwa mstari. R, hiyo programu ya takwimu, inazidisha safu nzima kwa mkupuo (hapa jedwali linaitwa kahawa, na jina la safu linakuja baada ya alama ya dola):

kahawa$mapato <- kahawa$kilo * kahawa$bei

Kama jina hilo halipo, safu inaundwa. Kama lipo, ya zamani inafutwa bila hata kukuuliza, kwa hiyo kuwa macho.

Ila kwa lile kosa la "non-numeric argument" ulilobandika, yaani R imekuta kitu kisicho namba, mchawi ni bei. Mtu aliyejaza faili akiandika 6,500 na koma yake, R inaisoma kama maandishi, na maandishi hayazidishwi. Ondoa koma kwanza:

kahawa$bei <- as.numeric(gsub(",", "", kahawa$bei))

Halafu rudia ule mstari wa juu. Ambaye kilo zake hazikujazwa atatoka na NA, yaani thamani haipo. Mwache hivyo hivyo. Ukimwekea sifuri umesema hakuleta kitu. Jumla ya wote utaipata kwa sum(kahawa$mapato, na.rm = TRUE), ambapo na.rm = TRUE inaziruka hizo NA.

Watu wa mutate, ile amri ya kifurushi cha dplyr ya kuunda safu, najua mnakuja. Kwa safu moja, alama ya dola inatosha.