Jina la Zamani Likikuita, Usiitike

Pale soko la samaki Bagamoyo, asubuhi mnada ukichangamka, mimi nilikuwa na jina moja tu: Mkeka. Anayebeti anajua lilikotoka. Mkeka ni ule mfululizo wa mechi unazopanga kwenye simu, na ikikosea moja tu, wote umechanika. Kwa miaka minne nilipanga mikeka nimekaa juu ya ndoo ya vibua, nikiwa nyuma ya bodaboda, nikiwa kanisani wakati wa matangazo. Wavuvi wakishusha samaki wananiita, "Mkeka, njoo huku, kuna kolekole," nami nageuka bila kuwaza.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ameokoka, anasali, anaimba, na bado kuna dhambi moja inayomshika shingo. Ya kwako inaweza kuwa pombe, uongo, au mwanamke asiye wako. Yangu ilikuwa hiyo.

Nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu, kwa hiyo humo sikuweza kugusa kitu. Lakini wanachama wasiofika kikaoni walinitumia hela za hisa kwa simu. Nilianza kwa kukopa elfu kumi nikijiambia Jumamosi nitairudisha. Ilipofika shilingi 640,000, mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, Muislamu, jirani yangu ukuta kwa ukuta, aliniuliza kwa upole kama hesabu ziko sawa. Nikamjibu, "Ziko sawa, mama." Usiku ule sikulala.

Nilifanya nini? Nilikimbilia maombezi. Nilienda mara tatu, sehemu tatu tofauti. Niliombewa, nikaanguka chini, nikanunua na mafuta. Kila mara nilitoka mwepesi, na kila mara haikupita wiki mbili nikawa nimepanga mkeka mwingine. Sikatai maombezi, Mungu anafungua watu, nimeona. Ila ninashuku mafundisho yanayomfanya Mkristo aamini kwamba kila tabia yake mbaya ni mgeni aliyeingia usiku na anahitaji mtumishi maalumu wa kumfukuza. Mimi nilizidi kuwa mtumwa, maana sasa nilikuwa na watu wawili wa kuwategemea: kampuni ya kubeti na mwombaji.

Mabadiliko yalianzia mahali ambapo sikutegemea. Nilisindikiza watoto wa shule ya Jumapili kwenda kuona misheni ya kale, ile ya mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika hapa mwaka 1868. Walikomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawajengea kijiji. Watoto wetu walitaka kuona mahali mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone ulipolazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Mimi nilibaki kwenye makumbusho, mbele ya minyororo, na mzee mmoja wa kanisa letu tuliyekuwa naye akasimama kando yangu. Hakujua lolote kuhusu kikoba. Akaanza kusoma kwa kichwa Wagalatia 5:1: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa."

Mstari huo nilikuwa nauimba tangu ujana. Siku ile ndiyo niliusikia.

Mzee alinieleza maneno yake moja moja, kama mtu anayechambua samaki. Kongwa, alisema, ni lile gongo lenye panda, linaingizwa shingoni mwa mateka na kufungwa, anatembea nalo kutoka bara mpaka pwani. Kuandikwa huru ni kupewa hati na bwana wako: kuanzia leo huyu si wangu. Na ungwana, hapo alinyamaza kidogo. Huku pwani hata aliyeachwa huru hakugeuka mwungwana machoni pa watu. Ungwana ulikuwa wa kuzaliwa. Ungeweza kuwa na hati mfukoni na bado ukaitwa mtumwa wa fulani mpaka unazikwa. "Sasa tazama, baba," akaniambia, "Kristo hakutupa hati peke yake. Ametutia kwenye ukoo."

Niliporudi nyumbani nilisoma Warumi sura ya 6 mpaka ya 8, mara ya kwanza kwa utulivu. Nikaona nilikosea mpangilio mzima. Nilidhani nikiacha kubeti ndipo nitakuwa mtu wa Mungu kamili. Paulo anapanga kinyume. Kwanza anasema utu wetu wa kale ulisulibishwa pamoja na Kristo, limekwisha kufanyika. Kisha ndipo anasema jihesabuni kuwa wafu kwa dhambi, na baada ya hapo ndipo anagusa viungo vya mwili na kazi zake. Mtumwa haandikwi huru kwa sababu ameanza kutembea kama mwungwana. Anaandikwa kwanza, mwendo anajifunza baadaye, na kujifunza kwenyewe kunaweza kuchukua muda mrefu.

Historia yetu inalijua hili vizuri. Sultani Barghash wa Zanzibar alipiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Karibu miaka hamsini katikati! Katika miaka hiyo palikuwa na watu walioachiwa, na bado sauti ya bwana wa zamani ikisikika uani, mwili unasimama wenyewe. Mimi nilikuwa hivyo. Simu ikitoa mlio wa ofa ya kubeti, mkono unaenda.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya lilikuwa dogo sana, na ndilo ninalokushauri wewe. Niliacha kuitika. Wavuvi wakiniita Mkeka, sikugeuka. Sikugomba na mtu, nilinyamaza tu mpaka aniite Baba Joeli. Iliwachukua wiki kadhaa. Lakini palikuwa na sauti nyingine iliyoniita hivyo kutoka ndani, na hiyo ilikuwa ngumu zaidi: wewe ni Mkeka, umezaliwa hivyo, hata baba yako alikuwa mtu wa kamari. Hiyo niliijibu kwa sauti, barabarani, watu wakinitazama: mimi ni wa Kristo. Wako Wakristo wanaodhani kujiita "mimi mwenye dhambi tu" ni unyenyekevu. Kuungama dhambi ni sawa, tena ni lazima. Kuifanya iwe jina lako ni kumkatalia aliyekuandika jina jipya.

Jambo la pili lilinigharimu. Nilikwenda kwa mama mwenyekiti, nikakaa kwenye mkeka wake barazani, nikamwambia yote, mpaka shilingi ya mwisho. Alilia. Kisha akasema, "Sawa mwanangu, umesema. Mungu akusamehe. Lakini fedha za watu zirudi." Sijasikia mahubiri mazuri kuliko hayo. Hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu, ni kweli, na kikoba bado kinadai 640,000. Zakayo aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Mimi nililipa kwa miezi kumi na minne, elfu arobaini na kitu kila mwezi, na wanachama wawili hawajanisalimia mpaka leo. Wana haki yao. Uhuru wangu mbele za Mungu hauwalazimishi kuniamini.

Mke wangu alichukua laini ya simu yenye hela, mimi nikabaki na nyingine ya kupigia tu. Wengine waliniambia hiyo ni kukosa imani. Nadhani ni akili ya kawaida: mtu aliyetolewa kongwa hapaswi kulitundika sebuleni.

Sasa nije kwenye lile ambalo watu wengi hawalisemi. Mwezi wa nane nilianguka. Kulikuwa na mechi kubwa, rafiki akanipa simu yake, nikaweka elfu mbili. Elfu mbili tu, na ikaliwa. Nilikwenda kukaa ufukweni karibu na ngalawa zilizopandishwa, na ile sauti ikaja na nguvu zote: umeona? Si nilikuambia? Najua ndugu wengi ambao usiku kama huo ndio uliowarudisha moja kwa moja. Kilichowaua kilikuwa ile hitimisho waliyoitoa usiku huo, kuliko elfu mbili yenyewe.

Nilimpigia yule mzee. Ilikuwa karibu saa tano usiku. Hakunikaripia, wala hakusema haina shida. Aliniuliza, "Joeli akianguka uani akachafuka, anakuwa mtoto wa nani?" Nikasema wangu. "Basi mwoshe." Akanisomea Yohana 8: mtumwa hakai nyumbani siku zote, mwana hukaa siku zote. Tukaungama pamoja kwenye simu, nikaenda kumwambia mke wangu kabla hajalala. Hiyo sehemu ya mwisho usiiruke. Dhambi iliyoungamwa kwa Mungu ikafichwa kwa mkeo hurudi kudai kodi.

Imepita miaka mitatu. Mzunguko mpya wa kikoba ulipoanza, mama mwenyekiti alipendekeza nishike ufunguo mmoja kati ya ile mitatu. Hazina nilikataa. Ufunguo nikaupokea, na uko shingoni mwangu kwenye kamba ninapoandika haya.

Kama usiku wa leo kuna mechi na simu iko mkononi mwako, tafuta sasa hivi namba ya mtu mmoja anayemjua Kristo na anayeweza kunyamaza. Mpigie kabla mpira haujaanza. Mwambie jina unaloitwa na ile sauti.