Re: Nina digrii ya fizikia, nataka vimondo, lazima nianze upya na jiolojia?

Mambo mkuu. Yaani una digrii ya fizikia na umeambiwa vimondo ni vya watu wa jiolojia tu, urudi mwaka wa kwanza. Usirudi bana, mi mwenyewe nilitokea fizikia. Kwanza jiulize unataka kujua nini kuhusu hilo jiwe, maana kama ni madini yake kweli utahitaji jiolojia, ila kuna kona ambayo ni fizikia tupu: jiwe likizunguka angani linapigwa na miale ya kosmiki (chembe zenye nishati kubwa zinazotoka mbali angani) mamilioni ya miaka, humo ndani zinazaliwa atomu kama neoni-21 na alumini-26, ukizipima unajua limesafiri muda gani tangu limeguke kwa mzazi wake, yaani lile jiwe kubwa la angani lilikotoka. Alumini-26 inapungua nusu kila miaka kama 700,000, beriliamu-10, nayo huzaliwa hivyo hivyo, kama milioni 1.4. Hapo ndo nilipojishikiza. Pengo la madini nililiziba kwa kozi moja tu na kukaa kwenye darubini mpaka macho yakauma (kondruli, vile vitone vidogo vya mviringo ndani ya vimondo, zinapendeza lakini, sidanganyi). Kabla hujaomba nafasi cheki kama maabara ina spektromita ya masi (mashine ya kutenganisha na kupima atomu kwa uzito wake) na nani anaiendesha, halafu mwandikie huyo huyo, siyo ofisi ya udahili.