Kitufe kikishikiliwa Pi inaganda: aina ya intarapti ndiyo tatizo

Mkuu, uliyesema Pi Zero yako (ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi) inaganda kila ukishikilia kitufe na umeweka IRQF_TRIGGER_LOW (intarapti, yaani ishara ya kuikatiza prosesa, ije pini ikiwa chini) kwenye draiva, shimo hilo nimeshatumbukia.

Kitufe chako, kama changu, kinaunganisha pini na ardhi, na pini yenyewe inavutwa juu hadi volti 3.3. Ukibonyeza, inashuka. Ukiiambia keneli, kiini cha Linux, ikuite pini ikiwa chini, utaitwa muda wote kidole kipo pale: unahudumia, unarudi, pini bado iko chini, unaitwa tena. Pi Zero ina kori moja tu, nani afanye kazi nyingine? Nilipokiachia nikafungua /proc/interrupts, faili la hesabu ya intarapti, namba ya mstari ule ilikuwa imekimbia kama pampu ya sheli. Keneli haikulalamika hata kidogo, maana draiva yangu kila mara ilirudisha IRQ_HANDLED, yaani "nimeshughulikia".

Nikahamia FALLING, yaani niitwe pale tu pini inaposhuka. Bodi ikapumua, ila bonyezo moja likahesabiwa mara tatu, nne. Bati la ndani ya kitufe hudunda kabla ya kutulia, na kila mdundo ni ukingo mpya, yaani pini inabadilika tena. Tena sikujua kidole kimeondoka lini.

Kilichonitoa: FALLING na RISING (kupanda) pamoja. Intarapti ikija sisomi chochote, naita tu mod_delayed_work, inayoahirisha kazi, ya milisekunde 20. Ukija mdundo mwingine, muda unaanza upya. Ukiisha ndipo nasoma pini. Draiva ya gpio-keys iliyomo kwenye Linux inafuata njia hiyohiyo, yenyewe husubiri milisekunde 5 usipoitajia muda. Kama huandiki kwa kujifunza, tumia hiyo ukalale.

Ila LOW usiitupe. Vitufe vikiwa nyuma ya MCP23017, chipu ya kuongeza pini, chipu hiyo inashikilia mstari wake wa intarapti (INT) chini mpaka uisome. Umeunganisha INTA na INTB, mistari ya banki zake mbili za pini, ukasoma banki A wakati B nayo ina lake: mstari haupandi, ukingo mpya hauji, vitufe vyote vinakuwa bubu. Hapo LOW ndiyo yenyewe, pamoja na request_threaded_irq (huduma iendeshwe kwenye uzi wake) na IRQF_ONESHOT, ili mstari ubaki umezibwa hadi usomaji wa I2C, njia ya kuongea na chipu, umalizike.

Na aina ya intarapti iandike kwenye devaisi trii, faili linaloieleza keneli vifaa vilivyopo (1 kupanda, 2 kushuka, 3 zote, 4 juu, 8 chini), ndani ya draiva usitaje aina. Mimi ile LOW niliinakili kutoka mfano wa skrini ya kugusa. Wewe uliitoa wapi?