Simwoni mwanafunzi wangu: nitajuaje kama yuko hatarini?

SWALI: Nafundisha sekondari kwa njia ya video. Msichana mmoja aliyekuwa mchangamfu amezima kamera wiki ya pili sasa, na insha aliyoituma saa tisa usiku imeishia kwa maneno "mtapumzika nikiondoka." Nikimuuliza waziwazi, sitakuwa nimempa wazo la kujiua? Na akisema ndiyo, nami niko mbali, nifanyeje?
Mwalimu wa lugha

JIBU: Mwalimu, muulize leo. Usingoje kipindi kijacho. Kumuuliza kijana kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Utafiti umelithibitisha jambo hili, na wengi hupata ahueni mtu anapolitamka.

Kamera iliyozimwa si dalili ikiwa peke yake. Huenda mtandao ni hafifu, au anaona haya watu wakione chumba anachosomea. Tazama mabadiliko: alikuwaje mwezi uliopita, yukoje sasa? Fungua kumbukumbu za jukwaa la masomo uone saa anazoingia, kazi alizoziacha, na kama bado anajibizana na wenzake. Anayeingia saa nane usiku siku nenda siku rudi huenda halali, na kukosa usingizi huongeza hatari. Lakini maneno ndiyo yenye uzito zaidi: kujiona mzigo, kuaga, kugawa vitu anavyovipenda, kuulizia nani atamtunza mdogo wake. Na aliyekuwa na majonzi akitulia ghafla bila sababu, usiharakishe kushukuru. Pengine ameshafanya uamuzi. Kwa huyu binti, sentensi ile moja inatosha kukufanya upige simu.

Kabla ya kupiga, jua yuko wapi sasa hivi. Anwani ya kwenye fomu ya usajili haitoshi, maana huenda anasomea kwa shangazi au kwa bibi. Uwe na namba ya mtu mzima aliye karibu naye, na mwalimu mwenzako akae tayari na simu nyingine. Hapa ndipo mambo huharibika: mwalimu anapata jibu la kutisha, anakata simu amtafute mzazi, akipiga tena mtoto hapokei. Wewe baki naye. Mwenzako ndiye apige kwingine.

Anza na "Uko peke yako? Kuna anayetusikia?" Kama yupo mtu, avae visikizi na umuulize maswali ya kujibu ndiyo au hapana. Kisha msomee maneno yake: "Uliandika 'mtapumzika nikiondoka.' Je, unafikiria kujiua?" Tamka neno lenyewe. Ukisema "hufikirii mambo ya ajabu, sivyo?" umeshamwonyesha jibu unalotaka. Halafu nyamaza. Kwenye simu ukimya huonekana mrefu kuliko ulivyo, na mwalimu huingiwa na hamu ya kuujaza kwa nasaha wakati mtoto ndiyo kwanza anakusanya nguvu za kusema.

Akikubali, endelea kwa upole: ameshafikiria atafanyaje? Alichokusudia kukitumia kiko karibu? Anakusudia lini? Amewahi kujaribu? Mwenye mpango na nia ya kuutekeleza karibuni ni dharura. Asiachwe peke yake hata kidogo, mtu mzima afike alipo, kifaa hicho kiondolewe, na huduma ya dharura iitwe. Mwenye mawazo bila mpango naye asisubiri: mlezi aambiwe siku hiyohiyo na miadi ya mshauri au daktari itafutwe mara moja. Aliyewahi kujaribu, hatari yake ni kubwa zaidi.

Usimwahidi siri. Mwambie, "Sitamtangazia kila mtu, ila atakayekulinda lazima ajue." Mchague pamoja naye mtu huyo, kwa sababu kama anayemuumiza yumo nyumbani, kumpigia huyo ni kumzidishia mtoto hatari. Hapo tafuta ndugu mwingine au ofisi ya ulinzi wa watoto.

SWALI: Shule imenipigia kuhusu kijana wangu. Nimpokonye simu?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Hapana, mama. Huenda simu ndiyo inayomfikisha kwa marafiki na kwa mshauri wake. Kama kuna wanaomtukana humo, hifadhi jumbe hizo kisha wazuieni pamoja.

Cha kufanya kwanza ni kufungia dawa zote kwa kufuli, hata za maumivu ya kawaida, pamoja na viuatilifu na silaha kama ipo. Kuficha hakutoshi, watoto wanayajua maficho ya nyumba yao. Msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda kisha ukashuka, na kizuizi humvusha pale unapokuwa mkali. Asomee sebuleni kwa sasa. Andikeni pamoja kwenye karatasi dalili zinazotangulia hali yake kuwa mbaya, mambo yanayomtuliza, na namba za watu watatu wa kupigia hata usiku wa manane. Kisha muulize tena kesho, na keshokutwa, swali lilelile la wazi ambalo shule ilimuuliza.