Kwa mnaoanza mbio Moshi: mlima kwanza, medali baadaye

Kila Desemba klabu yetu hujaa. Wachaga wamerudi kwao kula sikukuu, mji umefurika magari kutoka Dar, na kila mwenye shemeji anayekimbia ameshasikia habari za Kilimanjaro Marathon, ile inayofanyika hapa Moshi kila mwaka mwishoni mwa Februari. Wageni wanafika alfajiri na raba mpya, wanakimbia wiki mbili tatu kama wanaofukuzwa, halafu ikifika katikati ya Januari huwaoni tena. Ukiwauliza, mmoja goti, mwingine ugoko, mwingine "kazi zimebana". Hawa si wavivu. Mvivu haamki saa kumi na moja alfajiri. Walikimbia kwa kasi mno tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyewazuia. Ninyi wa msimu huu nawazuia mapema.

Mwendo wa mazoezi ni wa polepole kuliko mnavyodhani, polepole hadi uone aibu kidogo. Kipimo chake hakihitaji saa ya mkononi. Ukipandisha barabara ya Uru au ya Kibosho asubuhi na mapema, utakutana na kina mama wanateremsha ndizi sokoni, na bibi aliyejitwisha majani ya ng'ombe. Sasa hapo lazima uamkie. Ukiweza kusema "Shikamoo bibi", ukasikia "Marahaba", ukaulizwa unakimbilia wapi na nani anakufukuza, ukajibu sentensi nzima bila kuhema, basi mwendo wako ni sawa. Shikamoo ikikatikia njiani, punguza. Ukipita kimya kwa sababu pumzi haipo, umekosa adabu na umekosa mazoezi.

Mwendo huo wa kuongea ndio unaojenga. Moyo unazoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo ya damu inaongezeka ndani ya misuli, na mwili unajifunza kuchoma mafuta badala ya kumaliza sukari yote mapema. Kasoro ni kwamba viungo havikui kwa pamoja. Pumzi inaimarika ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa vinahitaji miezi. Mtego uko hapo: wiki ya nne au ya tano kifua kiko wazi, unajiona uko tayari kwa lolote, unaongeza kasi na kilomita kwa mpigo, na ugoko unaanza kuuma kwa sababu wenyewe haujafika ulipofika wewe.

Tangu Septemba 2025 kila mgeni anatuletea habari za Alphonce Simbu, na ana haki. Mtu wa Singida kawa bingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo kwa saa 2:09:48, muda uleule kabisa aliopewa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili, wakatenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde kwenye utepe. Lakini tazameni tena ule mwisho. Wakiingia uwanjani Petros ndiye yuko mbele. Simbu alimnyakua pale pale kwenye mstari, baada ya kilomita 42 za kujizuia. Na kabla ya dhahabu hiyo kulikuwa na shaba ya mashindano ya dunia ya London mwaka 2017. Kati ya hizo mbili kuna miaka minane ya kuamka alfajiri ambayo sisi wengine hatukuitazama. Wazee wa klabu wao hupenda kumtaja Filbert Bayi wa Karatu, aliyeongoza tangu mwanzo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola pale Christchurch mwaka 1974 na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3:32.2. Sawa, ila ile ilikuwa mita 1,500. Ukijaribu mtindo wa Bayi kwenye kilomita 21, tutakukuta umekaa chini ya mti.

Turudi kwenye ardhi yetu. Moshi imekaa mguuni mwa mlima, na hilo huamua kila kitu. Ukielekea kaskazini, iwe Mweka, Kibosho au Uru, unapanda. Ukielekea kusini, kupitia Pasua au barabara ya TPC yenye mashamba ya miwa, njia ni tambarare na joto linaongezeka kadiri unavyoshuka. Wageni hupenda kusini kwa sababu hakuna kilima. Mimi nawashauri kaskazini, kwa sababu mbili. Ya kwanza, unapanda ukiwa na nguvu na kuna kivuli cha migomba, halafu unarudi nyumbani kwa mteremko jua likiwa limepanda. Kusini hakuna kivuli cha maana, na kurudi mjini huko ni kupandisha, hata kama macho hayaoni mwinuko wenyewe. Ya pili, mbio zenyewe ziko huko. Wanaokimbia kilomita 21 wanapandisha kuelekea Mweka, kisha wanageuza na kushuka. Wa kilomita 42 wana kazi ngumu zaidi: wanaanza na barabara ya Dar, ambayo ni tambarare na inadanganya, wanarudi mjini, halafu wanaanza kukipanda kilima hicho hicho wakati miguu imeshatumika na jua la Februari limetoka. Ndiyo maana sitaki kusikia mgeni akijiandikisha kwenye 42 mwaka wake wa kwanza. Kilomita 21 zinatosha kukufundisha heshima, na zile 5 ni za kupeleka watoto na shangazi.

Kupanda kuna namna yake. Fupisha hatua, tazama mita chache mbele yako badala ya kileleni, acha mikono ifanye kazi. Usitafute kasi ya tambarare kwenye kilima. Tafuta juhudi ileile, kasi iteremke yenyewe. Kutembea kidogo si aibu, nimeona watu wakitembea kwa hesabu na kuwapita wanaokimbia kwa sifa. Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi, na hili wengi hawaliamini mpaka Jumapili asubuhi wanaposhindwa kushuka ngazi. Unaposhuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki: inavutwa huku inajikaza, na hapo ndipo inapochanika kidogo kidogo. Usilaze mgongo nyuma, usikanyage kwa kisigino mbali mbele yako. Hatua fupi na za haraka, magoti yakunjike kidogo. Jifunzeni kushuka taratibu mwezi wa kumi na mbili ili Februari isiwe mara ya kwanza.

Ratiba ya klabu ni nyepesi kuikumbuka: Jumanne vilima, Alhamisi mbio fupi za kasi uwanjani, Jumamosi mbio ndefu. Mgeni asije Jumanne wala Alhamisi kwa miezi miwili ya mwanzo. Najua baadhi ya viongozi wenzangu hawapendi nikisema hivi, wanataka idadi kubwa kwenye picha. Njoo Jumamosi na sisi, siku nyingine mbili kimbia peke yako au na jirani kwa nusu saa. Kama hujawahi kabisa, kimbia dakika mbili, tembea moja, rudia. Mbio ndefu ongeza kilomita moja au mbili kwa wiki, na kila wiki ya nne punguza ili mwili upumzike. Ukiweza kufikisha 17 au 18 wiki tatu kabla ya siku yenyewe, 21 utazimaliza. Wiki mbili za mwisho ni za kupunguza. Huwezi kujenga nguvu mpya ndani ya siku hizo. Unachoweza ni kuchoka tu.

Raba. Hapa nitakaa kidogo, maana pesa nyingi za watu hupotelea hapa. Wengi wetu tunanunua mitumba pale soko la Memorial, na hakuna ubaya wowote ukijua kuchagua. Usitazame rangi wala jina la kampuni. Geuza soli: kama imelika upande mmoja tu, mwenye nayo wa kwanza alikuwa na mkanyago wake na wewe utaurithi. Halafu minya kwa kidole gumba ile sehemu laini katikati ya soli na kitambaa. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi ya ubavuni, imeshakufa hata kama juu inang'aa. Iweke mezani uone kama imesimama wima au imelala. Shika kisigino kwa nyuma ukibonyeze, kisilegee. Nenda kununua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kama inavyovimba kwenye mbio ndefu, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Kucha nyeusi za wanaokimbia mara nyingi ni raba iliyobana wakati wa kushuka. Muuzaji atakwambia "hii inapanuka, mangi". Haipanuki. Na usivae raba mpya siku ya mashindano, wala soksi mpya, wala fulana uliyopewa jana yake kwenye mfuko wa vifaa.

Barabarani kimbia upande wa kulia ili magari yanayokuja uyaone usoni. Bodaboda hawafuati kanuni hii wala nyingine, kwa hiyo sikio moja libaki wazi. Ukivaa spika za masikio, acha moja. Kina dada, msikimbie peke yenu kabla ya mwanga kwenye njia za mashambani. Klabu ina utaratibu wa mtu wa nyuma: kila Jumamosi mmoja wa wazoefu hukimbia mwisho kabisa na haachi mtu. Ukichoka, mwambie. Kazi yake ni hiyo, hafanyi hisani.

Chakula si cha kuumiza kichwa. Usiku wa mwisho wali au ndizi, nyama kidogo, maharage yasubiri. Asubuhi uji au chai na mkate, saa mbili hivi kabla ya kuanza. Mtori na mbege ni vya baada ya mbio. Maji kunywa kwa kiu, vikombe vidogo vidogo. Wapo wanaojaza tumbo maji matupu kila kituo mpaka chumvi ya damu inashuka, na hilo ni hatari kama kukosa maji. Hatari nyingine ambayo watu wanaichukulia kama mzaha: kumeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ya mbio "ili nisisikie maumivu". Mwili umepungukiwa maji, figo ziko kwenye kazi, unaziongezea mzigo. Kama goti linahitaji dawa ndipo likimbie, goti hilo halikimbii.

Kuhusu mafanikio, maana ndiyo mnayoulizia kwanza mkija. Medali ya kumaliza hupewa kila anayemaliza, na zawadi za fedha huchukuliwa na watu ambao kukimbia ndiyo ajira yao. Sisi tunaandika daftari. Fundi cherehani wetu alianza akiwa hawezi kukimbia kutoka YMCA hadi hospitali ya KCMC bila kusimama. Sasa anashusha muda wake wa 21 kila mwaka, na ndiye anayeongoza kundi la vilima. Kuna mwalimu mstaafu ambaye muda wake hauteremki tena, unapanda, na yeye anauandika vilevile, kwa kalamu nyekundu. Mtu wa kushindana naye ni yule aliye kwenye ukurasa wako wa mwaka jana. Mwaka wa kwanza andika tu kwamba ulifika.

Siku yenyewe simama nyuma ya umati. Mbele kuna vijana watakaokuvuta kwa kasi isiyo yako kwenye kilomita mbili za mwanzo, na utazilipa Mweka. Kwa anayelenga dakika 7 kwa kilomita, ambazo kwa 21 ni kama saa mbili na nusu kasoro, panda kwa dakika 7 na nusu bila wasiwasi, ushuke kwa 6 na nusu. Hesabu inarudi palepale. Usikimbie na namba ya mtu mwingine, hata kama ni ndugu yako aliyeumwa na namba imeshalipiwa. Ukianguka, wahudumu wataandika jina lake na kupiga simu kwao.

Baada ya hapo pumzika wiki nzima bila kasi yoyote. Machi mvua za masika huanza, njia za Kibosho zinakuwa utelezi, na sisi huhamia lami kwa muda. Waliochelewa kujiandikisha msikae nyumbani: meza ya maji inahitaji watu wa kushika vikombe, na anayeshika vikombe siku nzima anaona miguu ya maelfu ikipita, anajifunza nani anapanda vizuri na nani anajiumiza. Njooni na kofia.