Jibu: Lebo ya nyama humshushaje bei ng'ombe aliyevuka mpaka?

Ndugu yangu wa Kasulu, umeuliza inakuwaje lebo inayobandikwa kwenye pakiti ya nyama imshushe bei ng'ombe aliye hai mpakani. Mfano ulio wazi ni wa Marekani, ambako kanuni ya mwaka 2009, iliyokazwa mwaka 2013, ilitaka lebo itaje nchi mnyama alikozaliwa, alikolelewa na alikochinjwa. Ndama wa Kanada au Meksiko hakuzuiwa kuingia. Ila machinjio yalilazimika kumtenga zizini, wakati wa kuchinja na katika kumbukumbu, na kwa kuwa kutenga huko ni gharama, wanunuzi wengi waliona heri wachukue wa ndani, au wampunguze bei mgeni. Shirika la Biashara Duniani liliona huo ni ubaguzi, likaziruhusu nchi hizo mbili kulipiza kwa vikwazo vya kibiashara vya takriban dola bilioni 1 kwa mwaka, na Desemba 2015 Bunge la Marekani likaifuta kanuni hiyo kwa nyama ya ng'ombe na nguruwe.

Hapa Kigoma nyama huning'inia buchani ikiwa na mhuri wa mkaguzi tu, kwa hiyo asili ya mnyama huulizwa mnadani. Mimi naziunga mkono hereni za utambuzi zinazovishwa ng'ombe sikioni, maana husaidia kufuatilia ugonjwa na wizi, mradi gharama yake asibebeshwe mfugaji peke yake.